Oili Iliyotoka Juu

Hilux ilishuka kwenye kivuko cha Kindu ikitokea ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, na pale iliposimama kungoja njia ifunguke iliacha matone matatu meusi kwenye mchanga. Ilikuwa imetoka Kama na magunia ya mpunga. Dereva wake alikuwa na karatasi ya daftari mfukoni, hesabu aliyoandikiwa na gereji moja huko nyuma: sili ya nyuma ya krenki imekufa, gia boksi ishushwe, klachi ifunguliwe, sili mpya itafutwe. Kazi ya siku nzima ikienda vizuri, na fedha ambazo mpunga ule usingezirudisha wote.

Fundi wa upande wa Kasuku hakuomba kuiona ile karatasi. Alitandika gunia, akalala chali, akapitisha kidole kwenye kiungo cha injini na gia boksi, akakinusa. Kisha akatoka chini ya gari na kufungua boneti.

"Yaya, oili iko chini, wewe unatafuta nini huko juu?" dereva akauliza.

"Oili haipandi, mdogo wangu. Inashuka tu."

Kile kidole alichokinusa ndicho kipimo cha kwanza, na mafundi wengi hukiruka. Oili ya gia ina viungo vya salfa, na harufu yake ni kali, ya kuchoma puani. Ukishaijua huwezi kuisahau. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na hunuka moshi. Kidole kilinuka moshi, kwa hiyo gia boksi haikuwa na kesi. Ilibaki kujua ni wapi kwenye injini oili ilipata mlango.

Injini yenyewe ni ile ya Toyota iitwayo 3L: dizeli ya silinda 4, sentimita za ujazo 2,779, haina turbo, kemshafti yake imekaa juu ya silinda hedi na inazungushwa na mkanda ulio mbele. Ni injini ya kawaida kwenye Hilux za zamani, na uzuri wake ni kwamba karibu kila kitu kinafikiwa kwa mkono. Ubaya wake, kwa habari ya uvujaji, uko nyuma ya hedi. Pale kuna tundu la nusu duara lililozibwa kwa kizibo cha umbo la nusu mwezi, na juu ya kizibo hicho ndipo inapolala gasketi ya tapeti kava. Kizibo kikilegea, oili inayorukarukia kemshafti hupata upenyo, huteremka ukutani mwa injini nyuma kabisa, ambako macho hayafiki kwa urahisi, na hutokea chini palepale ambapo ingetokea kama sili ya krenki ingekuwa mbovu. Maradhi mawili, dalili moja. Tofauti ni kwamba la kwanza linatibiwa kwa spana ya 10 na la pili kwa kushusha gia boksi.

(Neno kuhusu maneno. Nasema tapeti kava, gasketi na sili kwa sababu ndivyo wasomaji wengi wanavyosema, kuanzia Kigoma hadi Mombasa. Kindu ufundi ulifundishwa kwa Kifaransa: kifuniko ni cache-culbuteurs, gasketi ni joint, na sili ya duara ni joint spi. Fundi wangu hakutamka neno "gasketi" hata mara moja.)

Hakushika spana bado. Aliosha injini kwanza. Kopo la dizeli, brashi kuukuu, sabuni ya unga, maji, halafu upepo wa kompresa mpaka nyuma ya hedi pakaonekana rangi ya chuma. Hapo nilianza kumwamini. Injini yenye tope la oili na vumbi la miaka haiwezi kukuambia inavujia wapi. Kila mahali pamelowa, na fundi anayeonyesha kidole pahali pamoja kwenye tope lile anabahatisha. Ilipokauka alichukua poda ya watoto, akaipuliza kuzunguka tapeti kava na nyuma ya bloku mpaka injini ikawa nyeupe kama mwali aliyetoka ndani. Gari likawashwa, likaachwa lingurume robo saa, likazungushwa kidogo barabarani, likarudi. Kwenye weupe ule mstari mweusi mwembamba ulikuwa umejichora wenyewe, kuanzia pembe ya kizibo cha nusu mwezi kwenda chini. Sili ya krenki haikuguswa.

Nimewahi kuona wenye magari wakihangaika na kila tone, na wengine wakipuuza mpaka injini ikaungua, kwa hiyo tufanye hesabu kidogo. Tone la oili ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita. Linalodondoka kila dakika, mchana na usiku, linapoteza mililita 72 kwa siku. Chupa ya lita moja itakufikisha karibu wiki mbili. Linalodondoka kila sekunde 10 ni mililita 432, na hapo huwezi kufunga safari ndefu bila chupa kwenye kiti cha abiria. Lakini wingi si kila kitu. Tone dogo linaloangukia mkanda wa mbele ni hatari kuliko kidimbwi kinachomwagikia barabarani, kwa sababu oili hula mpira wa mkanda, na mkanda ukikatika valvu na pistoni hukutana. Linaloangukia bomba la moshi lenye moto linaweza kuwasha gari. Hili la nyuma, la Hilux yetu, lilikuwa la aibu zaidi kuliko la hatari.

Basi kwa nini kizibo kilifungua mlango? Jibu jepesi ni kwamba gasketi ilizeeka, na ni kweli ilizeeka. Ilipotolewa ilikuwa ngumu kama kandambili iliyosahaulika juani. Fundi aliikunja ikakatika. Watu hudhani gasketi ni gundi. Gasketi ni springi. Inabanwa kati ya vyuma viwili na inafanya kazi kwa kuwa inasukuma kurudi. Vyuma vikipanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, yenyewe inavifuata. Joto la miaka huua ule msukumo. Mpira hubaki na umbo la kubanwa, umelala, haurudi tena, na kuanzia hapo kukaza boliti hakusaidii: hubani springi, unabana ubao. Tena boliti za tapeti kava ni ndogo, za milimita 6, hazitaki zaidi ya Nm 10 hivi, nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Anayezikaza kwa hasira hupinda kifuniko kati ya boliti na boliti, na uvujaji huongezeka palepale alipojitahidi zaidi. Fundi alilaza kifuniko juu ya kipande cha kioo cha dirisha na kukigongagonga pembeni kwa kidole. Hakikuyumba.

Hata hivyo sikuridhika na jibu la uzee, na fundi naye hakuridhika. Alichomoa bomba la mpira linalotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye njia ya hewa, akaweka mdomo, akapuliza. Mashavu yakajaa, hewa haikupita. Ndani ya bomba palikuwa na tope jeusi zito, na alilitoa kwa waya kama mtu anayechokoa usaha.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Pistoni hazibani kikamilifu; sehemu ya moshi wa mwako hupenya kwenye ringi na kuingia sehemu ya chini ndani ya injini, hasa kwenye injini iliyokwisha kutembea sana. Moshi huo lazima utoke. Bomba lile ndilo pua ya injini. Likiziba, shinikizo hupanda ndani na kutafuta mahali dhaifu kuliko pote, na likishapapata linaisukuma oili mbele yake. Ukibadilisha gasketi bila kuzibua pua, ndani ya muda mfupi gasketi mpya itavuja, au hiyo itashika na sili ya krenki itafunguka kweli. Gari nyingi zinazorudi gereji mara tatu kwa uvujaji uleule zina bomba ambalo hakuna aliyewahi kulipuliza.

Gasketi mpya ya tapeti kava ilipatikana mjini, ya kuigiza lakini laini na ya vipimo sahihi. Kizibo hakikupatikana, wala hakikuhitajika: kilikuwa kizima, ila aliyekifunga mara ya mwisho alikiweka kikavu. Kizibo hicho hutakiwa kulazwa kwenye silikoni, na pembe zake mbili, pale hedi, kizibo na gasketi vinapokutana, zinataka nundu ndogo ya silikoni kila moja. Kwingine kote gasketi inalala kavu. Fundi alikwangua mabaki kwa kipande cha plastiki ngumu, kwa kuwa bisibisi huacha mikwaruzo ambayo oili huitumia kama mifereji, akafuta kwa petroli mara mbili, akaweka silikoni nyembamba kama uzi.

Uzembe wa silikoni ndio ninaoulalamikia kuliko wowote kwenye gereji zetu. Mtu anaikamua kuzunguka kifuniko chote kama anapaka keki, inafurika nje na kuonekana kazi kubwa. Iliyofurika nje haina neno. Iliyofurika ndani hukatika vipande, huzama kwenye sampu na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Injini iliyokuwa ikipoteza kikombe cha oili kwa mwezi sasa inakosa oili kabisa kwenye krenki. Halafu kuna harufu: silikoni inayonuka siki ni ya madirisha na masinki, asidi yake hula chuma. Ya injini hainuki siki.

Silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, na Kindu, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta na mto mkubwa mlangoni, haina njaa ya unyevu. Hata hivyo inakauka kutoka nje kwenda ndani, milimita mbili tatu kwa siku. Dereva alitaka kuondoka jioni ileile. Fundi akachukua ufunguo wa gari, akautia mfukoni, akaendelea na kazi nyingine.

Hiyo kazi nyingine ilinipa jambo la kutazama. Mtu mwingine alikuwa amemletea pampu ya maji bila gasketi yake. Kindu, ukikosa kitu dukani, unakingoja kwa ndege, kwa barabara mbovu ya Bukavu, au kwa treni kutoka Lubumbashi kupitia Kabalo, na treni haina haraka. Fundi hakungoja. Alilaza karatasi nene ya gasketi juu ya mdomo wa pampu na kuanza kuigonga pembeni kwa kichwa cha mviringo cha nyundo ndogo, taratibu, tok, tok, tok, mpaka ukingo wa chuma wenyewe ukaikata karatasi. Matundu ya boliti aliyatoboa kwa kipande cha antena ya redio kilichonolewa mdomo. Dakika kumi, gasketi imekaa.

Wapo wanaodharau gasketi ya kukata kwa mkono. Sioni sababu, mradi ijulikane mpaka wake. Kwenye maji, kwenye kifuniko kisichobeba shinikizo kubwa, karatasi nzuri iliyokatwa vizuri hudumu. Unene ndio mtego. Pampu za oili za injini kadhaa hupangiwa nafasi ya gia zake na gasketi yenyewe. Ukiweka karatasi nene mno, pampu inazunguka bila kusukuma. Na gasketi ya silinda hedi haikatwi na mtu yeyote, awe na mkono gani: ina pete za chuma za kukabili moto wa mwako, na kwenye dizeli huchaguliwa kwa unene unaotofautiana kwa sehemu za kumi za milimita, kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Hiyo hungojewa, hata kama treni itachukua mwezi.

Asubuhi, kabla hata ya chai, dereva alikuwa amesimama mlangoni. Injini ikawashwa. Fundi akafungua mfuniko wa kujazia oili na kuulaza juu ya tundu lake. Ulitetemeka kidogo, moshi mwepesi ukatoka, mfuniko ukabaki ulipo. Kama ungeruka, ringi zingekuwa zimekwisha na maongezi yangekuwa mengine. Poda mpya ikapulizwa nyuma ya hedi, na baada ya mzunguko wa kwenda sokoni na kurudi ilibaki nyeupe.

Katoni aliyoitandaza chini tangu usiku ilikuwa na doa moja hata hivyo, dogo, mbele zaidi, chini ya sampu. Boliti ya kumwagia oili. Fundi akakinga oili yote kwenye beseni safi, akatoa washa ya shaba iliyobanwa mpaka ikawa bapa na ngumu, akaishika kwa koleo juu ya jiko la makaa la mama anayeuza chai jirani. Ilipokuwa nyekundu akaitumbukiza majini. Shaba iliyopigwa moto hivyo hurudi laini kama mpya, inakubali kubanwa tena.

"Nani alimwaga oili mara ya mwisho?" akauliza, huku akiirudisha boliti kwa vidole.

Dereva akatazama upande wa mto. "Mimi mwenyewe, yaya. Kule Kama."

"Kwa spana gani?"

"Ya gurudumu."

Fundi akachukua spana fupi, akakaza mpaka ikagota, akaongeza robo mzunguko, akaacha.