Nani Anayeimba? Maoni juu ya Wimbo Mmoja wa Verdi

Zipo nyimbo ambazo mtu huzijua mahadhi kabla hajaambiwa majina yake. Mojawapo ni ule wimbo wa Kitaliano uitwao "La donna è mobile", yaani mwanamke ni kigeugeu. Muziki wake ulitungwa na Giuseppe Verdi, na maneno yakaandikwa na Francesco Maria Piave. Ulisikika hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 11 Machi 1851 katika jumba la La Fenice, mjini Venice, ukiwa sehemu ya Rigoletto, ambayo ni opera, yaani tamthilia inayoimbwa tangu mwanzo hata mwisho. Enrico Caruso aliurekodi kwenye sahani ya santuri mwaka 1904. Mwaka 1994 Luciano Pavarotti, Plácido Domingo na José Carreras waliuimba pamoja mjini Los Angeles mbele ya umati mkubwa. Hata mashabiki wa mpira huko Uingereza wameyaazima mahadhi yake na kuyatilia maneno yao wenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuuliza maswali mawili: umaarufu huu umetokana na nini, na je, wimbo wenyewe umepoteza nini kwa kupendwa hivyo?

Wapo wanaodai kwamba wimbo huu ni mwepesi mno. Beti zake mbili huimbwa kwa mahadhi yale yale, kwa mapigo ya tatu tatu kama ya dansi, na okestra hulia chini yake mfano wa gitaa la mtu asiye na haraka. Tena okestra huyapiga mahadhi hayo kwanza, kisha hunyamaza ghafla, ndipo sauti ya mwimbaji inapoanza. Hivyo msikilizaji hufundishwa wimbo kabla haujaimbwa. Wasemao kuwa ni mwepesi hawakukosea. Wanakosea pale wanapouhesabu wepesi huo kuwa ni upungufu wa fani. Ili tuone sababu, hatuna budi kuirudia hadithi.

Rigoletto ni mtu mwenye kibiongo, ambaye kazi yake ni kumchekesha mtawala wa Mantua. Mtawala huyo amejifanya mwanafunzi maskini, akamwapia mapenzi Gilda, binti wa pekee wa Rigoletto, kisha akamharibia heshima yake. Baba anamkodi muuaji aitwaye Sparafucile kwa malipo ya sarafu 20, nusu kabla ya kazi na nusu baada yake. Mtawala anafika katika nyumba ya muuaji huyo, ukingoni mwa mto Mincio, akimfuata Maddalena, dada yake muuaji. Hapo ndipo anapouimba wimbo wetu kwa mara ya kwanza. Baadaye anapanda juu kulala, na tunausikia tena vipande vipande, sauti ikizama usingizini. Maddalena anamwonea huruma mgeni huyo na kumsihi kaka yake asimuue. Sparafucile anakubali kwa sharti moja: akija mtu mwingine kabla ya saa sita ya usiku, huyo ndiye atakayekufa badala yake. Gilda, aliyevaa mavazi ya kiume, anayasikia maneno hayo mlangoni, naye anabisha hodi kwa hiari yake.

Rigoletto anakabidhiwa gunia. Anakaribia kulitupa mtoni huku akijisifu, na mara anasikia kwa mbali sauti ya mtu aliyedhani amemuua, ikiimba wimbo ule ule. Analifungua gunia na kumkuta mwanawe akikata roho.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu la kwanza. Katika giza lile hakuna mjumbe wala barua ya kumwambia Rigoletto kwamba adui yake yu hai. Upo wimbo tu. Ilikuwa lazima autambue papo hapo, nasi watazamaji tuutambue pamoja naye, ingawa tuliusikia muda mfupi tu uliopita. Wimbo mgumu usingeweza kuifanya kazi hiyo. Verdi alihitaji mahadhi ambayo mtu hawezi kuyasahau hata akitaka, akayatunga. Kwa maoni yetu, umaarufu wa wimbo huu ni tunda la hitaji la tamthilia yenyewe.

Lakini kitu kisichosahaulika hubebeka kwa urahisi, na wimbo huu ulibebwa ukatolewa ndani ya hadithi yake. Tuyatazame maudhui. Anayewaita wanawake vigeugeu ni mwanamume aliyebadili jina na mavazi ili amdanganye binti wa watu, na ambaye sasa anamsogelea mwingine. Kila neno analowatupia wanawake linamrudia yeye. Na usiku ule ule mwanamke mmoja anaithibitisha imani yake kwa roho yake. Opera nzima ni ushahidi dhidi ya wimbo huu, lakini dunia imeuchukua wimbo na kuuacha ushahidi.

Wenye mamlaka wa zama zile waliona mbali kuliko wapiga miluzi wa leo. Opera hii ilitokana na mchezo wa Victor Hugo, Le roi s'amuse, uliopigwa marufuku mjini Paris mwaka 1832 baada ya kuonyeshwa mara moja tu. Venice nayo ilikuwa chini ya Austria, na mwishoni mwa mwaka 1850 wakaguzi waliikataa kazi ya Piave na Verdi hadi mfalme wa Ufaransa alipogeuzwa kuwa mtawala wa Mantua. Wakaguzi hao walifahamu vema ni nani anayeshtakiwa.

Sisi wenyewe tulipata funzo darasani. Tuliwasikilizisha wanafunzi wetu wa fasihi wimbo huu pamoja na maana ya maneno yake, bila kuwaeleza hadithi. Wavulana walicheka na kupiga makofi. Wasichana wengi walinyamaza. Kipindi kilichofuata tuliisimulia hadithi yote. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kumbe aliyekufa ndiye aliyekuwa akitukanwa?" Swali hilo lilituonyesha kosa letu, maana kwa siku mbili tulikuwa tumemwachia mtawala yule uwanja wetu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Verdi hakuweka alama yoyote ya kejeli katika muziki wenyewe. Ni kweli, hakuiweka. Alimpa mtu mwovu sauti tamu, bila doa. Tunaona kwamba huo ni ujasiri wa msanii, kwani uovu wa namna hii katika maisha huja ukiwa na uso wa kupendeza. Ila ujasiri huo una gharama yake: asiyeijua hadithi hubaki na utamu peke yake.

Jambo hili latuhusu walimu wa Kiswahili. Katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Antoni anamsifu Bruto mara kwa mara mbele ya umati. Mwanafunzi akipewa sifa hizo peke yake katika karatasi ya mtihani, atajibu kwamba Antoni anampenda Bruto. Vivyo hivyo, mara ngapi tumechomoa kauli ya mhusika mmoja, tukaiandika ubaoni na kuiita funzo la mwandishi? Tunawaomba walimu wenzetu, kabla ya kuuliza wimbo unasema nini, tuwazoeze vijana kuuliza ni nani anayeimba, anamwimbia nani, na ni nani aliyelala ndani ya gunia wakati wimbo unaendelea.