Msitu, Karisi na Kalamu: Juu ya Chimbuko la Ubunifu huko Walikale

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Itebero, alituletea shairi la beti kumi na mbili. Vina vilikuwa sawa, mizani haikupungua wala kuzidi, na kwa upande wa fani alistahili sifa. Hata hivyo, ndani ya beti hizo mlikuwa na jahazi, mnazi, pepo za kusi na mawimbi yanayopiga jabali. Mtunzi hajapata kuiona bahari. Tulipomwuliza kwa nini hakutaja msitu alimozaliwa, alijibu kwa adabu kwamba hakujua kama msitu unaruhusiwa kuingia katika shairi la Kiswahili. Jibu hilo ndilo lililozaa makala haya. Kosa si lake. Ni letu sisi tunaofundisha.

Tumezoea kufundisha arudhi pamoja na mandhari yake, kana kwamba vina haviwezi kusimama bila mnazi wa kuvishikilia. Mshairi wa pwani alitaja chombo na tanga kwa sababu nahodha alikuwa jirani yake, na mvua za masika zilimlowesha yeye mwenyewe. Anayeiga maneno yake akiwa Itebero, kwenye barabara itokayo Bukavu kupitia Hombo kuelekea Walikale, ameiga maneno tu. Tendo la yule mshairi, yaani kutazama, hakuliiga.

Na kutazama huko si jambo geni Walikale. Mwaka 1956, Daniel Biebuyck alimpata kwa Wanyanga mtambaji aitwaye Candi Rureke, aliyesimulia, akaimba, akacheza na kuigiza utendi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili. Matini ya Kinyanga na tafsiri yake ya Kiingereza vilichapishwa mwaka 1969 na Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye Kinyanga ni lugha yake. Wahakiki wengi wameusoma utendi huo kama habari ya shujaa na ufalme: Shemwindo, mtemi wa Tubondo, anakataza wakeze wasimzalie mtoto wa kiume, Mwindo anazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, baba anajaribu kumwua, anashindwa, anakimbia. Usomaji huo ni sahihi, lakini unapita haraka mno juu ya vitu vyenyewe.

Tuvitazame basi. Mtoto anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Anapomwendea shangazi yake Iyangura, njia imetegwa mashimo yenye nyembe, na buibui ndiye anayemjengea madaraja juu yake. Wajomba zake ni popo, nao ni wafua chuma. Baba yake anashuka kuzimu mahali palipoota kangaga aitwaye kikoka, na mwana humfuata kwa kuung'oa mmea huohuo. Huko chini anaamriwa alime shamba la migomba kwa siku moja na kurina asali mtini. Baba anapokimbia tena, anajificha kwa Ntumba, ambaye ni muhanga, mchimbaji wa mapango.

Hakuna hata kimoja hapo kilichotoka mbali. Mtu aliyekwisha kuuona utando wa buibui asubuhi, ukiwa umetandwa juu ya shimo na kubeba umande bila kukatika, amekwisha kuliona daraja. Aliyemwona muhanga akitoweka ardhini anajua ni nani wa kumwomba maficho. Juu ya popo tunakisia tu: pengine ni weusi wao kama wa moshi wa kiwanda cha mhunzi, pengine ni ile milio yao mikali katika giza. Iwe iwavyo, ubunifu wa Rureke na wa waliomtangulia haukuwa katika kuleta kiumbe kipya duniani. Ulikuwa katika kumtazama aliyepo mpaka akaonekana ana kazi nyingine.

Hapa huenda msomaji akatupinga kwa hoja ya Wanyanga wenyewe. Kwao, karisi ni jina la utendi na pia ni jina la pepo anayemtaka mtu auimbe. Kwa hiyo, atasema, chimbuko ni pepo na wala si mazingira. Hoja hii ni nzito na hatupendi kuipuuza, kama wafanyavyo baadhi ya wenzetu, kwa kuiita imani tu. Lakini Rureke huyohuyo alijifunza kwa kufuatana na mtambaji mkubwa zaidi akiwa msaidizi wake. Pepo anaweza kumwamuru mtu aimbe. Kikoka inaota wapi, hilo alilijua kwa kutembea. Zaidi ya hayo, katikati ya utambaji Rureke anamgeukia mwandishi anayenukuu maneno yake na kumhimiza aendelee. Kwetu sisi hiki ndicho kipengele kinachofurahisha kuliko vyote. Kalamu na karatasi vilikuwa vigeni katika mkutano ule, naye hakujifanya havipo. Aliviingiza katika wimbo.

Katika fasihi andishi ya Kiswahili mifano ya bara ipo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Mkerewe mwenzake, Euphrase Kezilahabi, aliifungua Rosa Mistika (1971) kijijini Namagondo bila kumwomba radhi msomaji wa pwani. Wanafunzi wetu husoma kitabu hicho kwa ajili ya maudhui na kusahau kwamba ni kibali pia.

Lakini tusidanganyike. Kutazama peke yake hakutoshi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kijapani na wa Kongo waliwafuata gorila katika misitu ya Itebero, wakachunguza mabaki ya chakula na kinyesi chao ili kujua wamekula matunda gani. Uangalifu huo unapaswa kumtia mshairi aibu. Hata hivyo orodha ya matunda si shairi, na tumepokea pia tungo ambazo ni orodha: mti, ndege, mto, mti tena. Zinachosha kuliko minazi ya kukopa.

Tena mazingira ya Walikale si miti tu. Tangu mapigano yaliyoanzia Ntoto mwaka 1993, vijana wengi wameujua msitu kama mahali pa kukimbilia usiku. Katika miaka ya 2000 wachukuzi walibeba kasiterite ya Bisie mgongoni kupita msitu huohuo. Atakayeandika juu ya msitu akawaacha hao nje atakuwa hana tofauti na mwenye jahazi.

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa mwanaisimu si dogo. Kiswahili kinawakutanisha Wanyanga, Wakumu na Wakano wa Walikale, lakini kamusi zetu zimetungwa mbali na msitu wa mvua. Mtunzi atakosa jina la mmea. Tunashauri aliandike jina la kwao, kikoka ikiwa ni kikoka, na mstari wenyewe umweleze msomaji wa Mombasa.

Mwanafunzi yule alirudi baada ya wiki tatu na shairi jingine, juu ya mchukuzi anayepumzika chini ya mti na kusikia nyuki ndani ya shina. Ubeti wa nne umezidi mizani mbili, kwa sababu ya jina la mti ambalo hakutaka kulibadili. Mwenzetu mmoja amempunguzia alama. Sisi tungeziacha mizani hizo mbili mahali pake, na ubishi huo idarani bado haujaisha.