Kujua Nani Anaondoka

Wageni wengi hufika Mweya, ndani ya hifadhi ya wanyama magharibi mwa Uganda, kutazama tembo na viboko. Mzee mmoja wa Katwe, aliyezeekea katika kazi ya kuongoza watu kando ya Mfereji wa Kazinga, nilimkuta amewapa viboko mgongo, macho yakiwa kwenye fungu la mchanga walipojipanga ndege. Machi ilikuwa inaisha, masika yameanza kushuka kutoka Rwenzori, naye alikuwa na shughuli moja tu: kujua nani anaondoka.

Huu ni ufundi, ingawa tunaudharau kwa kuwa hauachi kiti wala chungu nyuma yake.

Mtazame buabua mwenye mabawa meupe. Oktoba hutufikia akiwa na rangi ya kijivu na nyeupe, hana cha kujivunia. Mwezi wa tatu ukiingia, manyoya meusi huanza kumtoka kifuani na tumboni, baka hapa, baka pale, kama kitambaa kilichoopolewa kwenye rangi kabla hakijakolea. Mzee huyapima mabaka hayo. Yakiwa machache, ndege bado yupo sana. Weusi ukiungana toka kichwani hadi tumboni, safari imewadia. "Huyu hamalizi wiki," aliniambia. "Mwangalie tumbo, mwanangu." Darubini ilikuwa shingoni mwake, lakini aliinyanyua mara chache tu, jicho lilikuwa limeshatangulia.

Kwa shakwe wenye mgongo mweusi na miguu ya njano hutumia hesabu nyingine. Hao huzaliwa Finland na nchi jirani, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa. Wakubwa hurudi kwao kutaga, lakini wadogo, ambao bado wana rangi ya kahawia, wengi husalia. Asiyejua atawaona mwezi wa sita aseme shakwe hawakuhama mwaka huu. Wala mzee hawachanganyi wasafiri hao na heroe wa Ziwa Munyanyange, wanaozunguka kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa bila kwenda Ulaya.

Hata katika mji wa Bwera, mbali na boti za watalii, darasa lipo wazi. Kwenye nyaya za umeme, juu ya barabara ya kwenda mpakani Mpondwe, mbayuwayu hujipanga asubuhi. Hubadilisha manyoya wakiwa huku kwetu, na inapofika Machi zile nyuzi mbili ndefu za mkia zimeshaota upya. Chini yao watu wanabeba mizigo, bodaboda zinapiga honi. Ni nani anayeinua kichwa?

Serikali ilitenga hifadhi hii mwaka 1952, na mwaka 1988 Ziwa George likawa eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Tunajivunia kwamba hapa pana zaidi ya aina 600 za ndege. Lakini mkataba hauwezi kumtambua buabua aliyebakiza siku tatu. Anayeweza ni mtu aliyekaa pale masika baada ya masika.

Siku hizi simu hutaja jina la ndege kabla mtu hajamtazama vizuri. Mgeni hupiga picha, husoma jina, boti ikasonga mbele. Vijana wanaoongoza watalii huyakariri majina kwa sababu ndiyo wanayoulizwa. Kukaa saa nzima kusoma tumbo la ndege mmoja hakuna anayewalipa. Siwalaumu wao. Nawalaumu wanunuzi wa haraka, nami naona jinsi tulivyokubali upesi kwamba kujua jina ndiko kujua ndege.

Ndege wakipungua mwaka hadi mwaka, anayegutuka ni yule aliyewazoea wakiwa wengi. Mzee huyu akiondoka bila kuacha mwanafunzi, Machi yenye buabua wachache itaonekana kuwa Machi ya kawaida, na watoto wa Kasese wataipokea hivyo, bila kujua walichonyimwa.