Ghali Si Kioo, Ghali ni Mtaro

Uzi wa kioo unaobeba intaneti una kipenyo cha mikromita 125, sawa na unywele mnene. Mwanga wenyewe hupita katika kiini cha mikromita 9 tu, na baada ya kilomita moja bado huwa na takriban asilimia 95 ya nguvu yake. Waya wa shaba wa simu hauwezi hayo. Nyumba ikiwa zaidi ya kilomita 5 kutoka kituo cha simu, kasi ya intaneti kwenye shaba hudorora, mteja alipe asilipe. Mwanga, basi, hauchoki upesi, na kioo chenyewe bei yake si ya kutisha. Kwa nini faiba huishia mjini?

Mwombe mhandisi akufungulie mchanganuo wa gharama. Fungu kubwa mara nyingi halipo kwenye mitambo wala kwenye kioo. Lipo kwenye udongo: kuchimba, kupasua lami na kuirudishia, kulipia haki ya kupita kwenye ardhi ya watu, kisha kufukia. Mjini mtaro wa mita 100 unaweza kupita mbele ya milango hamsini. Kijijini mtaro huohuo huenda usifike hata mlango mmoja. Kampuni hugawanya gharama kwa idadi ya wateja, hukunja karatasi yake na kuondoka. Hapo hakuna roho mbaya, ni hesabu tu.

Kuna watu walioikubali hesabu hiyo kama ilivyo, ila wakaubadilisha mstari wake wa kwanza. Milango hawakuweza kuiongeza, kwa hiyo walipunguza bei ya mtaro.

Miti iliyokua

Kaskazini ya Lancashire, Uingereza, lipo bonde la mto Lune. Ni nchi ya kondoo, kuta za mawe na nyumba zilizotawanyika vilimani. Mwaka 2009 Christine Conder, mke wa mkulima, na majirani zake walikuwa wakitumia mtandao wa redio uliorushwa kupitia shamba la jirani. Miti iliyosimama katikati ikakua hadi ikaziba mawimbi. Wakanunua mkongo wa kilomita moja hivi, wakaleta mashine ya kuchimbia na kuufukia wenyewe mashambani. Ukawaka.

Kwa fundi, jaribio hilo lilionyesha kwamba ujuzi wa kufukia mkongo haukai kwenye makampuni peke yake. Mkulima mwenye trekta ameshafukia mabomba ya maji maisha yake yote. Mwaka 2011 Conder, Barry Forde, mtaalamu wa mitandao aliyewahi kufanya kazi Chuo Kikuu cha Lancaster, na wenzao wakaanzisha ushirika wa Broadband for the Rural North, maarufu kwa kifupi B4RN. Hisa zilianzia pauni 100, na kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa chache au nyingi. Fedha za hisa ndizo zilizokuwa mtaji wa kuanzia.

Kibali, jembe na upepo

Kazi ilianza na njia. Barabarani kuna lami, na lami ina mamlaka, ada na masharti ya ukarabati. B4RN wakaikwepa kadiri walivyoweza, wakakata mashambani. Huko nako kuna wenyewe. Kampuni ya kawaida hulipa fidia kila inapopita, na mkono mtupu haulambwi. Ushirika uliomba kupita bure. Wenye mashamba wengi walikubali, maana bomba lililopita kwenye malisho yao lilikuwa linakwenda kwao na kwa jirani yao. Mtu hamtozi ushuru mgeni aliyemwita mwenyewe.

Ukafuata mtaro. Udongo wa malisho ni laini, na jembe la trekta hupasua mfereji mwembamba, huingiza bomba na kuurudishia bila kuacha kidonda kikubwa. Waliochimba walihesabiwa pauni 1.50 kwa mita, na wangeweza kuzichukua kama hisa. Chukua familia ambayo nyumba yao iko mita 400 kutoka njia kuu. Wakichimba wenyewe, jasho lao ni pauni 600, na pauni 600 ni hisa mara sita ya kima cha chini. Kilichokuwa kizuizi, yaani umbali wa nyumba yao, kimegeuka kuwa mtaji wao ndani ya ushirika. Sisi tungeuita msaragambo, wenzetu wa Kenya wangesema harambee, ila msaragambo huu uliandikwa kwenye daftari la hisa na kila mita ikawa na mwenyewe.

Hatua ya upepo ndiyo inayowashangaza wengi. Kinachofukiwa kwanza si faiba, ni bomba jembamba la plastiki, tupu. Faiba huja baadaye. Fundi huunganisha kompresa kwenye mdomo wa bomba, huingiza ncha ya mkongo na kufungulia hewa ya shinikizo. Hewa ikipita kwa kasi huuinua mkongo usikwaruze ukuta wa bomba, na vigurudumu vya mashine huusukuma polepole kutoka nyuma. Mamia ya mita huingia bila mtu kuvuta kamba. Upande wa pili anasimama mwenzake, anasubiri ncha ichungulie. Bomba likiwa limejikunja mahali, hata kidogo, mkongo hugoma hapohapo, na watu hurudi na majembe kutafuta kona. Kwa sababu hiyo mchimbaji anayejitolea hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: usikunje bomba.

Kisha kuna kuunga. Uzi huvuliwa ganda lake la plastiki, hufutwa kwa spiriti, hukatwa ncha iwe bapa kabisa, kisha huwekwa kwenye mashine inayopanga ncha mbili uso kwa uso na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme. Chembe ya vumbi inaharibu kiungo. Kazi hiyo inaonekana ya maabara, lakini wakazi wa kawaida walifundishwa wakaiweza.

Kila nyumba ilipewa uzi wake hadi kibanda cha mitambo cha eneo lake, na kutoka huko safari iliendelea hadi Manchester, ambako mitandao mikubwa hukutana. Mnara wa simu hugawa uwezo wake kwa wote walio chini yake, ndiyo maana jioni mambo huganda. Kwa mwenye uzi wake, kipande cha kutoka mlangoni hadi kibandani hakina wa kugombania naye. Huduma iliyotoka humo ilikuwa gigabiti 1 kwa sekunde, kupakua na kupakia sawasawa, kwa pauni 30 kwa mwezi, na pauni 150 za kuunganishwa. Leo nyumba zilizounganishwa zimepita 10,000. Miaka ya baadaye vocha za serikali za kuunganisha vijijini ziliongeza nguvu, lakini zilikuta gari limeshaanza kutembea.

Hesabu inayobana kwetu

Tusijidanganye. Pauni 30 kwa mwezi katika kijiji chetu ni pesa ya kulipia mambo mengine kwanza. Kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi ifikapo 2025. Kwa kipimo hicho, bei ya Lancashire ikihamishwa kama ilivyo haisimami. Wala si kila nyumba inahitaji uzi wake. Kijijini kwetu uzi mmoja ukifika shuleni na kwenye zahanati, kisha waifai ikagawa mita za mwisho, gharama ya kila kaya hushuka sana. Umeme usiokatika, panya, moto wa mashamba, na mwizi anayedhani kila waya una shaba, yote hayo yanahitaji fungu lake la bajeti. Leseni pia haikwepeki, nayo iliandikwa kwa kuwafikiria wakubwa.

Hata hivyo, kile kilichokuwa kigumu Lancashire kwetu kina njia. Kule ilibidi kubisha hodi shamba kwa shamba. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuijadili njia nzima kwa kikao kimoja, ingawa mwenye shamba bado ana haki ya kusikilizwa. Ushirika si mgeni hapa: AMCOS na SACCOS tunazijua, kwa mema yake na kwa maumivu yake. Na maji ya bahari yameshavukwa. Tangu mwaka 2009, mkongo wa SEACOM ulipotia nanga Dar es Salaam na Mombasa, tatizo limehamia nchi kavu. Mkongo wa Taifa mahali pengi unapita kandokando ya barabara kuu, na vijiji vilivyo nyuma ya vilima vinauona kama mtu anavyoliona basi la mwendokasi lisilo na kituo kwake.

Somo la bonde la Lune kwetu liko kwenye utaratibu wake: chimba kwa bei ya chini kabisa, weka bomba, faiba itafuata. Na mitaro tunachimba kila mwaka. Mradi wa maji ukija, wanakijiji huitwa kila mmoja na hatua zake, wanatoka na majembe alfajiri, wanachimba kilomita kutoka kwenye chanzo hadi kwenye matangi, wanalaza bomba la maji na kufukia. Miaka mitano baadaye mtu wa mtandao akija, mtaro huohuo unachimbwa upya kwa bei ya kampuni.

Siku nyingine mwenyekiti atakaposoma mchango wa mtaro wa maji, mjumbe mmoja anyooshe mkono aulize: tukilaza kando yake bomba jembamba, tupu, lisilokunjwa, itaongezeka shilingi ngapi kwa mita? Sehemu kubwa ya gharama, yaani shimo, itakuwa imeshalipwa kwa jasho. Bomba hilo litalala pale likisubiri kompresa.