Usiisugue Rupia

Mtu akiokota pesa ya zamani ya shaba kwenye udongo wa migomba, mkono humwasha. Limau, majivu, kipande cha gunia, na muda si mrefu inang'aa. Mkusanyaji wa kweli akiiona hugeuza uso. Utando ule wa kijani au kahawia ulichukua zaidi ya miaka mia kujijenga. Ukiondoka haurudi, na ushahidi mwingi huondoka nao.

Nawahusudu watu wenye subira hiyo, hasa wanaokusanya fedha za vita vya dini. Ulaya kazi ni nyepesi kidogo, maana sarafu zenyewe zinapayuka. Mwaka 1622 Christian wa Brunswick, jemadari Mprotestanti, aliyeyusha fedha iliyoporwa katika kanisa kuu la Paderborn, akapiga taleri zilizomtangaza kuwa rafiki wa Mungu na adui wa mapadri. Ukiishika hiyo huna la kuuliza.

Huku kwetu, kutoka Bukoba hadi Muleba, sarafu haisemi kitu. Vita vya dini vilivyotufikia ni vya Buganda. Kabaka Mwanga, mfalme wa huko, aliondolewa Septemba 1888, Waislamu na Wakristo wakapinduana, kisha Wakristo wenyewe wakagawanyika: Wakatoliki wakaitwa Wafaransa na Waprotestanti Waingereza, kwa sababu ya wamisionari wao. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo, makao ya Kabaka, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard, mtu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ikaamua. Mwanga, aliyekwisha kurudishwa kitini na kuegemea Wakatoliki, akakimbilia kusini hadi Bukoba, kituo cha Wajerumani alichokianzisha Emin Pasha 1890. Askofu Hirth wa Wakatoliki naye akaja; misheni ya Kashozi ilianza mwaka huohuo.

Basi mkusanyaji hutafuta nini? Kwanza simbi, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa fedha ya mtu wa kawaida. Buganda zilitobolewa mgongoni na kutungwa kambani mia mia. Wengi huzipita wakidhani ni vitu vya mganga. Yeye huzigeuza moja moja kwenye mwanga na kupapasa kingo za tobo kwa ukucha: zilizolainika zimesuguliwa na kamba muda mrefu, zilizo kali pengine zimetobolewa juzi.

Kisha pesa ya shaba iliyopigwa kwa jina la Mombasa: mizani upande mmoja, jua na taji upande wa pili, na kaulimbiu ya nuru na uhuru. Mwaka wake ni 1888, na mwenye kuitoa ni kampuni ileile iliyomtuma Lugard. (Nuru na uhuru, kisha Maxim!) Kando yake hukaa rupia ya kampuni ya Kijerumani, Kaiser Wilhelm wa Pili akiwa na kofia yenye tai. Uzito wake unakaribia gramu 11.7, sawa na rupia ya India iliyokwisha kuzoeleka. Kwa hiyo kwanza hupanda kwenye mizani midogo, ndipo lenzi ifuate. Rupia ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi hukosa uzito, na uso wake una vishimo kama ganda la chungwa.

Ila ustadi wenyewe nauona zaidi pale anapokataa. Hela za Kijerumani zenye tundu hupatikana kwa wingi kuliko pesa na rupia hizo, na muuzaji anaweza kuapa kwamba ni za enzi za Mwanga. Zilianza kutoka 1908, basi zinarudi kwa mwenyewe. Taleri ya Maria Theresa ni mtego mbaya zaidi, maana hata iliyopigwa karne ya 20 imeandikwa 1780. Lakini rupia iliyotobolewa ikavaliwa shingoni, ambayo wengine huishusha bei, yeye huinunua bila kusita. Namuunga mkono: tundu hilo nalo ni ushahidi.

Nyumbani kila moja huingia kwenye bahasha yake ya karatasi. Plastiki laini, pamoja na unyevu wa ziwa, huila shaba. Juu ya bahasha huandika uzito, tarehe na mahali ilipopatikana. Iliyofukuliwa Kashozi huandikwa Kashozi. Iliyonunuliwa sokoni Kamachumu huandikwa Kamachumu, sokoni, hata kama muuzaji alisimulia kwa machozi kwamba babu yake alivuka nayo akikimbia Mengo. Simulizi hilo huandikwa nyuma ya bahasha, kwa kalamu ya risasi.