Tanzia za Baa Zetu

Baa au mkahawa unaopendwa ukifungwa Nairobi, watu huandika. Simmers ilipobomolewa mwaka 2018, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Muindi Mbingu Street, buriani zilimiminika. Florida ya Koinange Street, ile nyumba ya mviringo iliyokaa juu ya kituo cha mafuta, nayo ilipata zake. Nazisoma kama ninavyosoma fasihi yoyote, maana sasa zimekuwa utanzu kamili: zina mianzo yake, vibwagizo vyake na machozi yake ya lazima.

Ugomvi wangu nazo ni kwamba ukizipanga zote, utaona ni tanzia moja. Nyama ilikuwa laini, bendi ilipiga rumba mpaka majogoo, tulikuwa vijana, siku hizi jiji halina ladha. Sawa. Lakini aliyekuwa akichoma hiyo nyama ni nani? Yule mhudumu aliyejua nani anakunywa ya baridi na nani anakunywa ya moto, ameenda wapi? Mwezi ule kodi ya nyumba alilipa na nini? Kimya. Mwandishi anaulilia ujana wake, baa ni kisingizio tu.

Ndiyo maana nikimaliza buriani ya namna hiyo narudi kwa Meja Mwangi. *Going Down River Road* ilitoka mwaka 1976, kwa Kiingereza, na sijasoma riwaya ya Nairobi inayozijua baa kuishinda. Ben na Ocholla ni vibarua wa mjengo. Mchana wanajenga ghorofa la Development House, jioni wanashuka hadi Karara Centre. Mwangi hapapambi hata kidogo. Watu wanakunywa pale kwa sababu ndipo mfuko unapofika, na kwa sababu nyumbani hakukaliki. Hakuna anayesema anapapenda, na bado unaelewa kwamba pakifungwa leo, kesho jioni hawa watu hawana pa kwenda.

Halafu kuna hilo ghorofa. Vibarua wanalijengea jiji ambalo halina nafasi yao. Kibanda cha Ocholla kinachomwa na watu wa halmashauri, anakijenga tena. Simmers nayo iliondoka kwa mgogoro wa kiwanja. Tanzia zetu husema "jiji limebadilika", utadhani jiji hujibadilisha lenyewe usiku likiwa limelala. Wapi! Kuna anayeuza, kuna anayenunua, kuna anayelipa tingatinga. Mwangi aliliona hilo miaka zaidi ya 40 kabla ya Simmers kuanguka, sisi tunaoandika baada yake tunaliruka.

Mtaniambia namwonea mfiwa, kwamba kila mtu ana haki ya kumkumbuka wake anavyotaka. Kweli. Wala Mwangi mwenyewe simwachi hivi hivi. Wanawake wa baa zake tunawaona kwa macho ya wanaume wanaokunywa. Wini anaondoka, anamwachia Ben mtoto, na sisi tunabaki na hasira za Ben. Upande wa Wini hatuusikii. Kwa hiyo hata riwaya bora tuliyo nayo kuhusu baa za Nairobi imeandikwa kutoka upande wa mteja.

Hapo ndipo penye pengo, na linazidi kupanuka. Kila baa inapofungwa, wanaoijua kwa ndani wanatawanyika: mpishi anarudi kwao, mlinzi anapata lindo jingine, dada wa kaunta anafungua kibanda cha chipsi mtaani. Daftari la madeni, ambalo kwangu ndicho kitabu cha kweli cha baa yoyote, linatupwa na takataka. Ndani yake mlikuwa na nani aliaminiwa, kwa shilingi ngapi, na nani alilipa hata baada ya kufutwa kazi.

Basi safari ijayo mkifiwa na baa, kabla ya kuandika mtafuteni mmoja wa waliokuwa wakiwahudumia. Mwulizeni siku ya mwisho ilikuwaje, na kama alilipwa. Mkiandika hilo, nitasoma mpaka mwisho, hata kama nyama mtaisifu tena.