"Kidonda" Hakitoshi: Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Pua

Miongoni mwa mambo yanayodhoofisha tafsiri za tiba ni mazoea ya kukiita kila kiumacho ndani ya pua "kidonda". Neno hili si baya. Ni la asili na linaeleweka kote. Ila halitoshi. Kidonda ni mahali ambapo ngozi au utando umelika ukawa wazi. Jipu ni uvimbe wenye usaha, nao puani huanzia penye mizizi ya vinyweleo. Malengelenge ni vivimbe vidogo vyenye maji. Jeraha hutokana na kuumizwa, hata kwa ukucha.

Tofauti hizi si za wanaisimu peke yao. Jipu la puani halifai kukamuliwa, kwani vijidudu vyaweza kupita katika mishipa ya damu ya uso vikafika kichwani. Msomaji aliyeandikiwa "kidonda" hatajua kwamba onyo hilo lamhusu. Tena ukoma, ambao kijidudu chake kiligunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, waweza kuula utando wa pua na hata kuutoboa ukuta unaotenga matundu yake. Kaswende nayo yaweza kufanya vivyo hivyo. Hapo kidonda ni dalili, wala si jina la maradhi.

Je, tuunde "dondapua" kwa kufuata mfano wa "dondakoo"? Hatuafiki. Dondakoo ni jina la ugonjwa mmoja, wenye chanjo yake; vidonda vya pua vina sababu nyingi. Isitoshe, ugonjwa huo wenyewe waweza kushika pua, ukachubua matundu yake na mdomo wa juu. Basi jina lililofungwa kooni tayari lina upungufu. Hapana haja ya kuunda la pili lenye kasoro ileile.

Tunapendekeza "kidonda" libaki kwa kilicholika. "Jipu", "malengelenge" na "jeraha" yatumike kila moja mahali pake. Na sababu itajwe inapojulikana, kama vile "kidonda cha pua kitokanacho na ukoma". Kwa kidonda kisichopona na kinachozidi kuenea, lugha ina "donda ndugu" tangu zamani. Fungu la maneno ni refu kuliko neno moja, lakini urefu huo haumdhuru mtu. Ufupi unaoficha maana ndio uwezao kumchelewesha mgonjwa kufika hospitali.